Mikorosho ya Mzee Abuu

Kila asubuhi, kabla ya kushika ufagio, Mwaija alitazama kuta za nyumba. Alianza na ukuta wa mbele, akapita uchochoroni, akamalizia ukuta wa nyuma karibu na bafu. Alikuwa akitafuta rangi nyekundu. Akiona hakuna, ndipo alipofagia, akawasha jiko, akamwamsha binti yake Adila aende shule.

Wapangaji wenzake walimcheka. "Mwaija anakagua nyumba kama bwana afya!" walisema.  Wangejuaje?

Alipokuwa na miaka kumi na minne, watu walikuja na kopo la rangi nyekundu. Walipaka alama ya X kwenye nyumba ya wazazi wake. Baba yake alikuwa ameuziwa kiwanja ndani ya hifadhi ya barabara, naye hakujua. Muuzaji alikuwa mtu wa heshima. Majirani walikuwa mashahidi. Hati ya kuuziana ilikuwa na saini sita. Yote hayo hayakusaidia kitu. Tingatinga lilikuja siku ya Jumatano, sufuria ya maharage ikiwa bado jikoni. Baba hakujenga tena mpaka alipofariki.

Tangu Jumatano ile hofu ilimganda Mwaija kama kupe.

Sasa alikuwa mke wa Haidar. Walipanga vyumba viwili Mwananyamala, jijini Dar es Salaam. Haidar alifanya kazi katika ghala la vigae pale Mwenge. Mwaija alishona sare za shule kwa cherehani yake, chumbani. Kwa miaka tisa waliweka akiba kidogo kidogo ili siku moja wapate kwao.

Mwezi wa kwanza, mwenye nyumba aliwaita wapangaji wote uani. Aliwaambia nyumba imeuzwa. Itavunjwa, pajengwe ghorofa. Aliwapa miezi mitatu wahame.

 Mwaija aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Rangi nyekundu haikuja, lakini nyumba ilikuwa inavunjwa vilevile.

Jioni ile Haidar alisema, "Mama Adila, mimi nimechoka kuhamishwa kama kuku. Tutafute kiwanja."

"Wapi, Baba Adila? Mjini hatuwezi."

"Nje ya mji. Nimeshafikiri. Chanika ni rahisi, lakini mimi nafanya kazi Mwenge. Nitabadili magari matatu. Kibaha pia nitazunguka. Bunju bei zimeshapanda. Lakini Mapinga ni barabara hii hii ya Bagamoyo. Napanda gari moja, nashuka Mwenge."

"Na tukidanganywa?"

"Hatudanganywi. Mimi si mtoto."

 Baba yake Mwaija naye hakuwa mtoto.

Jumapili walikwenda Mapinga. Walipokelewa na dalali, kijana aitwaye Amin. Amin alikuwa na pikipiki safi na ulimi mwepesi. Aliwapeleka ndani kidogo kutoka barabarani, kwenye eneo zuri la mchanga mwekundu. Palikuwa na mikorosho saba mikubwa. Chini yake muuzaji, Mzee Abuu, mwenye kofia ya kiua, alikuwa akiokota korosho za mwisho za msimu.

"Shikamoo babu," Adila alisema.

"Marahaba mjukuu wangu. Njoo, chukua mabibo haya ya korosho, lakini usichafue gauni. Maji yake hayatoki."

Mwaija alimpenda yule mzee palepale. Jambo hilo lilimzidishia hofu, maana hata aliyemuuzia baba yake alikuwa mtu wa kupendeka.

Haidar hakutaka kuonekana mjinga. Alikwenda kwa majirani wanne, nyumba hadi nyumba. Kila mahali aliuliza, "Samahani, ile mikorosho ni ya nani?"

Wote wanne walijibu bila kusita. "Ya Mzee Abuu. Aliipanda baba yake. Miaka yote anachuma yeye."

Haidar akarudi anatabasamu. "Umesikia? Watu wanne, jibu moja."

Mwaija alimsogelea Mzee Abuu. Alisema kwa adabu, "Baba, na shamba hili mlilipata wapi?"

Mzee alinyanyuka taratibu. "Shamba hili, mwanangu, zamani..."

"Mama, jua kali!" Amin alidakia. "Mzee tusimchoshe. Shamba ni la wazee, halina maneno. Ijumaa baada ya sala tunaandikishana, mambo yamekwisha. Mkichelewa kuna mteja mwingine."

Mzee Abuu alitazama chini, akachora mchanga kwa fimbo yake.  Haidar alikwisha kupima kwa hatua zake mahali pa sebule ya nyumba yao.

Siku tatu zilizofuata Mwaija hakula vizuri. Alishona mkono wa shati ukageuka ndani nje, akafumua, akashona tena vilevile. Kila alipokanyaga cherehani aliisikia sauti ya yule mzee. Shamba hili, mwanangu, zamani. Zamani nini?

Jumatano alasiri, alipokuwa anatunga uzi kwenye sindano, akakumbuka jambo la utotoni.

Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani. Likizo Mwaija alikwenda kwake. Bibi alimtuma kuokota nazi chini ya minazi yake kumi na miwili. Minazi ilikuwa ya bibi kweli, kila mtu alijua. Lakini ilisimama katika shamba la Bi Kibibi, jirani. Babu aliipanda pale kwa ruhusa. Bibi alikuwa na minazi. Ardhi ilikuwa ya Bi Kibibi. Watu wa pwani waliishi hivyo miaka na miaka, wala hakuna aliyeona ajabu.

Sindano ilimponyoka mkononi. Haidar alikuwa ameuliza habari za mikorosho. Hakuuliza habari za ardhi.

Haidar aliporudi, Mwaija alimweleza. Haidar alikuwa amechoka, na huenda alikuwa anaogopa pia, ila wanaume wengine wakiogopa hukasirika.

"Mwaija, kila kitu wewe unaona nyoka! Ukuta unaona nyoka, shamba unaona nyoka. Miezi mitatu ikiisha tutalala wapi? Utatulaza kwenye cherehani?"

Maneno yale yalimwuma.  Asubuhi ya Alhamisi, mume alipokwenda kazini na mtoto shule, alijifunga mtandio, akapanda gari la Bagamoyo. Alikwenda Mapinga bila kuaga. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aolewe.

Aliuliza ofisi ya kijiji. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati, yenye bendera mbele na benchi nje. Mtendaji wa kijiji alikuwa mama wa makamo, Bi Shufaa. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi wa kufumia.

"Shikamoo mama," Mwaija alisema.

"Marahaba. Karibu uketi. Mbona unahema? Umefukuzwa?"

"Ninaogopa, mama."

"Basi umefika mapema. Wengi huja kwangu wakiwa wanalia. Sema."

Mwaija alisema yote. Bi Shufaa alivaa miwani.

"Mliwauliza majirani mikorosho ni ya nani. Wakasema ya Mzee Abuu. Ni kweli. Majirani hawakudanganya. Lakini huku kwetu anayechuma korosho ni mwenye miti. Huenda ardhi ni yake, huenda si yake. Lile ni swali la pili. Na lipo la tatu: serikali imepanga nini mahali hapo? Barabara? Shule? Bomba? Tazama ukutani."

Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa eneo lote, na mistari na namba. Mwaija aliutazama kwa woga, kama mgonjwa anayetazama picha yake ya eksirei.

Hapo simu yake ikalia. Alikuwa Haidar.

"Mama Adila, usiwe na hasira. Amin amenipigia. Yule mteja mwingine anakuja leo. Nimeomba ruhusa kazini. Nimeshachukua ile akiba yetu. Nipo Bunju, nakwenda..."

"Baba Adila, usilipe! Mimi nipo..."

Simu ikakatika. Alipiga tena. Namba haikupatikana. Alipiga mara tano. Haikupatikana.

 Mwaija akaiona tena sufuria ya maharage jikoni. Akamwona baba yake amesimama kando ya barabara na kitanda kichwani. Miaka tisa ya kujinyima inakwenda kwa mtu mwenye pikipiki!

"Mama, nisaidie!" alilia.

Bi Shufaa alikwisha kufunga daftari. "Lia ukiwa njiani. Haya, twende."

Walipanda bodaboda mbili. Njia ilikuwa fupi, lakini Mwaija aliiona ndefu kuliko safari ya Tanga. Bodaboda ya mbele ilisimama kupisha ng'ombe. Ng'ombe walipita mmoja mmoja, wanatafuna. Mwaija alitamani kuwasukuma.

Walipofika, Haidar alikuwa amechuchumaa chini ya mkorosho. Karatasi ilikuwa juu ya paja lake, kalamu mkononi. Begi jeusi lilikuwa miguuni pake, zipu wazi. Amin alisimama juu yake akimwonyesha mahali pa kutia saini. Mzee Abuu aliketi pembeni, ameshika kidau cha wino wa dole gumba.

"Haidar!" Mwaija alipiga kelele. Alimwita jina mbele ya watu, jambo ambalo hakulizoea.

Kalamu ilisimama.

Bi Shufaa alishuka, akatengeneza mtandio wake, akasalimia watu wote kwa utaratibu. Halafu akasema, "Mzee Abuu, nina swali moja tu. Leo unauza nini?"

Mzee Abuu alishangaa. "Nauza mikorosho yangu, Bi Shufaa. Yote saba."

"Na ardhi?"

"Ardhi?" Mzee aliwatazama mmoja mmoja. "Ardhi nitauzaje mimi? Ardhi ni ya kina Bwanausi, wale wa Mlingotini. Marehemu baba yao alimpa marehemu baba yangu ruhusa ya kupanda. Nilimweleza kijana huyu tangu mwanzo. Akaniambia mnunuzi anajua kila kitu." Akatikisa kichwa. "Nami nilishangaa, watu wa mjini kupenda korosho namna hii!"

Hakuna aliyecheka. Haidar alisimama. Karatasi ilimwanguka. Ilikuwa imeandikwa kwamba Mzee Abuu anauza shamba na vyote vilivyomo. Mzee Abuu hakujua kusoma. Angetia dole gumba, basi.

"Mimi nilidhani mmeelewana," Amin alisema, huku akirudi nyuma kuelekea pikipiki yake.

"Kesho saa mbili ofisini kwangu, Amin," Bi Shufaa alisema. "Usipokuja, polisi watakuletea salamu zangu."

Amin aliondoka bila kuaga. Haidar alifunga zipu ya begi, akalikumbatia kifuani. Kijasho kilimtiririka usoni.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Ulimwona nyoka kweli."

Mwaija hakushangilia. Aliketi mchangani, akalia.

Bi Shufaa aliwarudisha ofisini, akawapa maji ya kunywa. Aliwaacha watulie kwanza. Kisha akawaambia, "Mapinga si mahali pabaya. Mmekosea namna ya kuingia tu. Kwa nini mnakimbilia kununua? Pangeni chumba hapa kwanza."

"Kupanga tena?" Haidar aliuliza.

"Kupanga tena. Mlikuja Jumapili, barabara nyeupe, haina magari. Hamjui Jumatatu inakuwaje. Mlikuja kiangazi. Hamjui maji ya masika yanapita wapi. Kaeni masika moja. Jueni maji ya kunywa yanatoka wapi, shule ina nafasi, zahanati iko umbali gani. Hapo ndipo mtakaponunua mahali mnapopajua, si mahali mlipoonyeshwa."

Ushauri ule waliufuata. Mwishoni mwa mwezi wa pili walihamia Mapinga, chumba kimoja na baraza. Jumatatu ya kwanza Haidar alitoka saa kumi na moja alfajiri, akafika Mwenge saa moja kasoro. Jumanne alijaribu kutoka saa kumi na mbili, akafika saa tatu kasoro robo na akafokewa. Akajua saa yake ni ipi. Mwaija alipata kushona sare za shule ya pale. Adila alipata nafasi darasa la tatu.

Halafu masika ikaingia. Mvua ilipiga siku tatu mfululizo. Siku ya nne Mwaija na Haidar walivaa mabuti, wakaenda kutazama. Mahali pale Haidar alipopapima kwa hatua zake, mahali pa sebule, palikuwa na mto. Maji mekundu yalipita kati ya mikorosho, yamebeba matawi na ndala moja ya mtoto.

Haidar aliitazama ile ndala kwa muda mrefu. 

Nyuma ya mikorosho ile ardhi ilipanda kidogo. Kule juu palikuwa pakavu. Walikwenda kumwuliza Bi Shufaa, na safari hii Haidar aliuliza maswali yote matatu. Ardhi ni ya nani? Miti ni ya nani? Serikali imepanga nini?

Ardhi ile nayo ilikuwa ya ukoo wa Mzee Bwanausi. Kwenye mchoro ilikuwa ndani ya eneo la makazi. Haidar alitamani kiwanja cha mbele, karibu na barabara, apunguze mwendo wa asubuhi. Bi Shufaa aliweka kidole juu ya mchoro. "Hapa ni hifadhi ya barabara. Ukijenga, watavunja." Mwaija alishika mkono wa mumewe, akaubana mpaka Haidar akaguna.

Walikwenda pia ofisi ya ardhi ya halmashauri, Bagamoyo mjini, wakahakikisha. Kisha wote walikaa siku moja ofisini kwa Bi Shufaa. Mzee Bwanausi alikuja kutoka Mlingotini na ndugu zake wawili na dada yake, maana ardhi ya ukoo haiuzwi na mmoja. Majirani wa mipaka walikuja. Mzee Abuu alikuja pia, kwa kuwa mkorosho wake mmoja ulikuwa ndani ya kiwanja. Bi Shufaa alisoma hati kwa sauti, polepole, mara mbili, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Kila mmoja alisema amekubali. Jina la Haidar liliandikwa, na jina la Mwaija likaandikwa kando yake.

"Na mkorosho wangu?" Mzee Abuu aliuliza.

"Baba, tutakulipa fidia yake," Haidar alisema. "Au ukipenda uache usimame, uendelee kuchuma. Lakini tuandike."

"Uandikwe usimame," mzee alisema. "Nikifa mimi, uwe wenu." Ikaandikwa hivyo, na safari hii alitia dole gumba akijua ni la nini.

Mwezi wa nane mpimaji alikuja kupima. Jina lake Mikdad, mtu mpole wa kofia pana. Alizika mawe ya zege kwenye pembe nne za kiwanja. Mwaija alikuwa anapepeta mchele chini ya mkorosho, anamtazama kwa furaha. Ndipo Mikdad akafungua begi lake, akatoa brashi na kopo dogo. Akafungua kopo.

Rangi nyekundu.

Ungo ulimwanguka Mwaija. Mchele ulimwagika wote. "Usipake!" alipiga kelele. "Usipake! Tumefuata kila kitu! Tumeuliza kila mtu!"

Mikdad aliganda na brashi hewani. Haidar alikuja mbio. Bi Shufaa, aliyekuwa anasimamia upimaji, alimwahi Mwaija, akamshika mabega.

"Mwanangu, tazama. Tazama anapaka wapi."

Mwaija alitazama kupitia machozi. Mikdad aliinama taratibu. Hakukuwa na ukuta wa kupaka. Alipaka kichwa cha jiwe la mpaka, kisha akaandika namba pembeni yake kwa brashi nyembamba.

"Hii ni alama ya mpaka wenu, mama," alisema. "Ili hata gari likipita, mtu ajue kwamba hapa ndipo kwenu panapoanzia."

Adila alisoma ile namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Mwaija alichuchumaa karibu na jiwe. Aliigusa rangi kwa kidole cha shahada. Ilikuwa bado mbichi, ikabaki kidoleni. Aliokota mchele akiwa na kidole chekundu, akaupika na kidole chekundu, na Haidar alipomwambia anawe kwa mafuta ya taa, alikataa.

Mwaka ulipogeuka walikuwa wamesimamisha chumba kimoja na jiko la makuti. Ukuta wa matofali ulikuwa bado haujapigwa plasta. Asubuhi moja Mwaija aliamka, akashika ufagio, akafagia kuanzia mlangoni mpaka chini ya mkorosho. Alimsalimia Mzee Abuu aliyekuja mapema kuokota korosho zake. Aliwasha jiko. Alimwamsha Adila. Chai ilipochemka ndipo alipokumbuka kwamba hakuzitazama kuta.

Alisimama kidogo na kijiko mkononi. Halafu akatia sukari kwenye chai.